Mfanyakazi mwenzako kakuzimikia, wewe hutaki, na sasa anapitiliza: jinsi ya kumkalisha chini

Twende moja kwa moja. Huu mwongozo ni wa yule mtu ambaye kazini kuna mwenzake anampenda, yeye hampendi, na ile hali imeshatoka kwenye kuangaliwa kwa macho ya huba ikaingia kwenye vitu vinavyomkosesha raha: meseji saa 5 usiku, kusubiriwa getini, kuulizwa "yule uliyekuwa unaongea naye ni nani", kushikwa bega kila anapopitiwa. Hajapigwa, hajatukanwa, ndiyo maana anaona aibu hata kulalamika, maana akisimulia kipande kimoja kimoja kila mtu anamwambia sasa hapo tatizo liko wapi, si anakupenda tu.

Anayependa nitamwita jamaa ili tusichoshane, lakini inaweza kuwa mwanamke anamkomalia mwanaume, na tena wanaume hilo ndio wanalimeza kimya kabisa kwa sababu wakisema wanachekwa. Hatua ni zilezile.

Ninachokisimamia humu ni kimoja. Hii kitu inaisha kwa hapana moja iliyonyooka halafu wewe usibadilike. Inarefushwa na kuuma na kupuliza.

Hatua ya 1: Hisia zake weka pembeni, andika matendo

Kupenda sio kosa. Hakuna anayeamka asubuhi akaamua leo nimpende yule wa idara ya pili, inatokea tu, na watu kibao wameoana wakiwa wamekutana kazini kwa hiyo tusijifanye watu wanaacha mioyo nyumbani. Ukienda kumwambia "acha kunipenda" umeshapoteza kabla hujaanza, hilo haliko mikononi mwake na wala sio kazi yako kulisimamia. Unachoweza kumdai ni matendo.

Kwa hiyo chukua karatasi au fungua notsi za kwenye simu, andika alichofanya, siku gani, wapi, nani alikuwepo, wewe ulijibu nini. Usiandike "ananisumbua sumbua". Andika hivi: Jumanne alihamisha kiti akaja kukaa mezani kwangu, nikamwambia nina kazi ya kumaliza, akasema endelea tu mimi sikusumbui, akabaki pale anaangalia skrini yangu mpaka muda wa kutoka. Ukishaandika vitu vitatu vinne vya namna hiyo kichwa kinatulia, kwa sababu kilichokuwa kinakula akili sio lile tukio lenyewe, ni kujiuliza hivi mimi ndio nina matatizo au nini.

Kipimo ninachokipenda: hiki kitu angekifanya mfanyakazi mwingine yeyote ambaye hana habari na mimi, kingekuwa cha kawaida? Kukusifia kazi kwenye kikao, kawaida. Kubadilisha shifti zake kila wiki ili ziangukie kwenye zako, sio kawaida. Kuwauliza wenzako unaishi wapi na unaishi na nani, sio kawaida. Kukupigia Jumapili kwa kisingizio cha ripoti ambayo inatakiwa mwisho wa mwezi, tunajuana bwana, sio kawaida. Na kipimo kingine ujiangalie wewe mwenyewe: unapita mlango wa nyuma, umeficha muda uliokuwa hewani WhatsApp, unajifanya unaongea na simu ukimuona kwenye korido. Ukishaanza kupanga siku yako kwa kumkwepa mtu basi ameshapitiliza, hata kama kila alichofanya ukikitazama peke yake kinaonekana kidogo.

Upande wa pili nao usemwe, haki ni haki. Kama jamaa alikuomba mtoke mara moja, kwa heshima, ukakataa, akasema sawa akaendelea na kazi zake, huyo hajavuka chochote, hamna cha kumkalisha chini hapo. Mwaka 2018 iliandikwa sana kwenye vyombo vya habari kwamba Facebook na Google wanawaambia wafanyakazi wao kumuomba mwenzako mtoke ni mara moja tu, na jibu la kuzunguka kama "nipo bize" au "siku hiyo siwezi" linahesabiwa ni hapana. Mimi naona hiyo sheria ya mstari mmoja inashinda makabrasha mengi ya kurasa hamsini, maana mtu anapata nafasi ya kusema la moyoni na wewe unapata nafasi ya kukataa, kwisha habari.

Hatua ya 2: Jiulize kama umewahi kusema hapana kwa mdomo

Swali hili linaudhi, najua, na silileti ili nikulaumu. Ni kwamba wengi tunaogopa kumvunja mtu moyo hivyo tunampa ishara. Tunachelewa kujibu meseji, tukijibu tunatupia dole gumba, tunaanza kumwita "kaka yangu" kwa kukazia ili aelewe somo, tunatajataja mchumba hata kama hayupo. Kwenye vichwa vyetu tumeshakataa mara kibao. Yeye hajasikia hata mara moja. Mtu aliyezama anavutia kila kitu upande wake, ukichelewa kujibu anaona unaringa kidogo, dole gumba anasema angalau kajibu, na hiyo "kaka yangu" ndio kabisaa, anaenda kumsimulia rafiki yake kwamba siku hizi ananiita vizuri.

Hii imechunguzwa na watu wa saikolojia. Mwaka 1982 Antonia Abbey wa Marekani alichapisha utafiti ambapo watu walitazama mwanaume na mwanamke wakipiga stori za kawaida kabisa, na wanaume waliotazama waliona dalili nyingi zaidi za kutamaniana kuliko walivyoona wanawake waliotazama stori zilezile. Na 2019 Vanessa Bohns na Lauren DeVincent walionesha kitu ambacho kila aliyewahi kutongozwa kazini anakijua: anayetongoza hatambui jinsi kukataa kunavyomkosesha raha anayekataa, anadhani ni jambo jepesi tu, asipotaka si angesema.

Kwa hiyo kama hujasema kwa mdomo, kuna kitu bado hujafanya, nacho ndio hatua ya 5. Kama umeshasema wazi akaendelea, usirudie hotuba, soma hatua ya 3 halafu ruka nenda ya 8.

Hatua ya 3: Angalia kama ni salama kumkabili mwenyewe

Kuna watu hawakalishwi chini na wewe. Kama amewahi kukufuata mpaka nyumbani, amekutishia wewe au amejitishia yeye mwenyewe ("usiponikubali nitajidhuru"), amekushika sehemu ambayo hukumruhusu, ana picha zako ambazo hukumpa, au ana historia ya kumfanyia hivyo mtu mwingine pale kazini, usijifungie naye chumba ukaanza kumweleza mipaka. Hapo unaenda kwa uongozi ukiwa na mtu wako, na kama ni vitisho au kushikwa unaenda polisi. Kwa yule anayejitishia mwenyewe, mtaarifu mtu wake wa karibu au mkubwa wa kazi haraka, lakini usiende wewe kumbembeleza usiku, maana atajifunza kwamba hiyo ndio namba ya kukuita.

Na kama ni bosi wako, yule anayeandika tathmini yako na kusaini likizo yako, pima mara mbili. Unaweza kumwambia, wapo waliowaambia mabosi na yakaisha vizuri, ila usimwambie kabla hujahifadhi ushahidi nje ya kompyuta ya ofisi na kabla hujamwambia mtu mmoja wa kuaminika kwamba leo naenda kuongea naye.

Hatua ya 4: Chagua mahali na muda

Hapa ndipo watu wanaharibu kizembe. Sio kwenye gari lake akikupa lifti. Sio kwa meseji usiku, kwa sababu meseji ya usiku hata ikiwa ya kukataa bado ni meseji ya usiku, yeye ataona mpo macho wote wawili mnaongea mambo mazito. Sio mbele ya watu, ukimuumbua mbele ya timu unampa sababu ya kupigania heshima yake na mada inahama kutoka alichofanya yeye kwenda ulivyomdhalilisha wewe. Na sio Ijumaa jioni, maana atakuwa na wikendi nzima ya kuchemka na kukuandikia.

Kinachofaa ni katikati ya wiki, katikati ya siku, chumba cha mikutano chenye kioo au mlango wazi, sehemu ambayo watu wanakuona ila hawakusikii. Kaa wewe karibu na mlango. Uwe na kitu cha kufanya baada ya hapo, kikao au mteja, ili mazungumzo yawe na mwisho ambao haukutoka kwako. Mwambie mwenzako mmoja tu "saa 6 nipo na fulani chumba cha pili, ikifika na robo sijatoka nipigie". Dakika kumi zinatosha na kubaki.

Ukimuita usimwambie "tunahitaji kuongea" kwa sauti ya huzuni, jamaa atatumia asubuhi nzima akidhani leo ndio leo, anakubaliwa. Mwambie tu "Kaka, nina jambo la hapa kazini nataka nikwambie, dakika chache, saa 6 uko poa?"

Hatua ya 5: Maneno yenyewe

Yana vipande vinne na vyote vinaingia kwenye dakika moja: ulichofanya, jibu langu, ninachotaka kuanzia leo, na kitakachobaki. Mfano:

"Kaka, nimekuita nikwambie kitu kwa uwazi. Wiki hizi umekuwa unanitumia meseji usiku, unanisubiri getini, na juzi ulimuuliza mwenzangu naishi wapi. Naona kama una hisia na mimi. Mimi sina hisia hizo kwako na sitakuwa nazo. Kuanzia leo naomba tuwasiliane mambo ya kazi tu, muda wa kazi, usinisubiri na usiulize watu habari zangu. Kazi tutaendelea kufanya pamoja kama kawaida."

Halafu nyamaza. Huko kunyamaza ndio sehemu ngumu kuliko zote, kimya kikitanda utajikuta unatafuta neno la kukijaza na neno litakalokuja ni la kupuliza: "sio kwamba wewe ni mbaya", "labda ingekuwa wakati mwingine", "wewe ni mtu mzuri sana utapata mwingine anayekufaa". Usiseme hata moja. "Labda ingekuwa wakati mwingine" kwa mtu anayependa ni tarehe, atakaa kuisubiri.

Na usitoe sababu. Nalirudia hili kwa sababu kila mtu anadhani sababu ndio ustaarabu. Ukisema nina mtu, atasubiri muachane na atakuwa anakuchunguza kama bado mko pamoja. Ukisema sichanganyi kazi na mapenzi, kuna watu wameacha kazi kabisa wakarudi na barua ya kuacha kazi mkononi, haya sasa, tumalize. Ukisema umri, dini, nitakuwa bize na masomo, kila sababu uliyompa ataigeuza kuwa kazi ya kufanya akiimaliza anastahili kulipwa. "Sina hisia hizo kwako" haijibiki. Akiuliza kwa nini, jibu ni "sina sababu ya kukupa, jibu langu ndio hilo".

Samahani ya kumwambia ukweli pia achana nayo. Kama kuna kitu kweli ulikosea, labda siku fulani ulijibu kwa kutaniana ukarefusha stori, sema hivyo mara moja tena kwa kifupi: "nilipokujibu kwa utani nilikosea, haikuwa na maana hiyo". Inatosha. Usijishushe mpaka ikaonekana mkosaji ndiye wewe.

Sauti: ya kawaida, ile unayotumia ukimwambia mtu printa imeisha wino. Ukienda na hasira atakumbuka hasira yako tu, ukienda na machozi atakufariji, na kukufariji ndio alichokuwa anakitafuta mwaka mzima.

Hatua ya 6: Atakavyojibu

Wachache wanasema nimekuelewa, samahani, wanaondoka, na ukipata huyo mheshimu, usimsimulie kwa mtu. Wengine wanakuja na moja ya hizi.

"Mimi? Nilikuwa natania tu, umejiona sana." Hii inachoma, unataka umfungulie simu umuoneshe zile meseji. Usibishane kama alipenda au hakupenda, hukuja kuthibitisha hilo. "Sawa, basi itakuwa rahisi. Meseji za usiku na kunisubiri ndio naomba viishe." Umempa njia ya kutoka na heshima yake na wewe umepata ulichotaka, nani ameshinda haijalishi.

"Ulinipa matumaini." Hii nayo ina historia. Mwaka 1993 Roy Baumeister na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu waliopenda wasipendwe na watu waliopendwa wasitake, kila mmoja akisimulia upande wake. Waliokataliwa wengi walisimulia kwamba waliachiwa dalili za kukubaliwa, na waliokataa wakasimulia hatia, kero na kutojua waseme nini. Yaani watu wawili walikuwa kwenye jambo moja na kila mmoja ana stori yake, na huwezi kuzilinganisha stori hizo ndani ya chumba cha mikutano. Mjibu: "Kama ulielewa hivyo, leo nimekuweka wazi." Usianze kupitia siku moja moja, siku ile ulicheka, siku ile ulinishika mkono, hiyo kesi haina hakimu.

"Basi tubaki marafiki." Hapa watu wengi waliokuwa wameshamaliza vizuri wanaanguka, kwa sababu linasikika ni ombi dogo na wewe unatamani kutoka mle ndani. Urafiki anaouomba sasa hivi ni kuendelea kukaa mlangoni. "Tutabaki wafanyakazi wenzetu." Kama urafiki wa kweli utakuja utakuja wenyewe baadaye akiwa ameshapoa, haupangwi leo.

Akilia, mpe muda kidogo, sogeza boksi la tishu, kaa palepale, usimguse. Mkono mmoja begani utafuta maneno yote uliyosema. Akipandisha sauti simama, "tutaongea akiwepo mtu wa tatu", toka. Mlango uko nyuma yako, si nilikwambia ukae karibu nao.

Na akikaa kimya kabisa bila kusema neno, usisubiri akubali. Huhitaji akubali. "Nimemaliza, asante kwa kunisikiliza", unaondoka.

Hatua ya 7: Wiki zinazofuata

Siku hiyohiyo mtumie ujumbe mfupi kwenye barua pepe ya kazi au popote panapobaki kumbukumbu: "Kama tulivyoongea leo, naomba mawasiliano yetu yawe ya kazi tu na ndani ya muda wa kazi. Asante." Hauna ukali wowote, ila ukija kuhitajika utakuwa na tarehe.

Halafu anza kukaza. Mwanasaikolojia B. F. Skinner na wenzake walionesha zamani kwenye maabara kwamba mnyama anayepewa chakula mara mojamoja bila mpangilio anaendelea kubonyeza kitufe kwa muda mrefu sana hata chakula kikikatwa, kuliko yule aliyekuwa anapewa kila akibonyeza. Hamisha hiyo kwenye simu yako. Ametuma meseji kumi za "umelala?" umekausha, ya kumi na moja roho ikakuuma ukajibu "niko poa", wewe unaona umekuwa mwema, yeye amejifunza bei ya jibu lako ni meseji kumi na moja, kesho anazituma zote na anaongeza. Za kazi jibu kwa adabu na kwa ukamilifu, tena jibu haraka asije akasema unamkwamisha. Zisizo za kazi usijibu hata kwa hasira, hata kwa "nilikwambia usinitumie", maana hiyo nayo ni jibu.

Mwanzoni anaweza kuzidisha. Zawadi kubwa kuliko zote inaweza kuja wiki ya kwanza, au barua ndefu ya kurasa nne droo yako ukiifungua asubuhi. Mtu aliyezoea kupata anajaribu kwa nguvu kabla hajakata tamaa, usidhani umeshindwa. Piga picha, andika tarehe, rudisha kupitia mtu wa tatu au mkubwa wa idara, sio mkono kwa mkono.

Kuna na wale wenzenu wanaojifanya washenga. "Mnapendeza jamani, mpe nafasi kijana wa watu, anateseka." Hawa wanaweza kuharibu kuliko jamaa mwenyewe kwa sababu wanampelekea habari zako na kukuletea zake. Mmojammoja, bila kucheka: "Hilo nimeshalimaliza na mwenyewe, naomba usiniletee tena." Ukicheka hata kidogo wakati unasema hivyo, jioni jamaa ataambiwa "alicheka".

Na wewe ufunge mdomo. Kumwambia mtu mmoja au wawili kwa ajili ya usalama wako ni sawa, kuweka kwenye grupu la WhatsApp skrinshoti za barua yake ya mapenzi mkazichambua sio sawa, mbali na ubinadamu ni kwamba siku ukipeleka malalamiko rasmi atazitoa hizo na kesi itageuka.

Hatua ya 8: Akiendelea, peleka juu

Umesema wazi, una ujumbe wenye tarehe, na bado anaendelea. Kuanzia hapo sio mapenzi tena, usikubali mtu yeyote ayaite hivyo, ni unyanyasaji. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha mkataba namba 190 tarehe 21 Juni 2019, ukaanza kutumika 25 Juni 2021, unaohusu ukatili na unyanyasaji kwenye kazi. Unazibana nchi zilizouridhia, ila hata kama yako haimo ni vizuri kujua umeandika nini kwa sababu ndio kipimo kinachotumika sasa. Haukomei ndani ya ofisi, unagusa safari za kikazi, hafla za kazini, njia ya kwenda na kurudi kazini, na mawasiliano ya kazi ya mtandaoni, kwa hiyo hoja ya "hiyo ilikuwa meseji usiku haihusu ofisi" sio lazima uimeze. Unawalinda pia wanaojitolea, walio mafunzoni na wanaoomba kazi. Na unataka anayelalamika alindwe asilipiziwe kisasi.

Barua yako kwa HR, idara ya rasilimali watu, iwe ya ukurasa mmoja. Mstari wa kwanza sema unalalamikia nini. Kisha matukio kwa tarehe, mafupi, kwa maneno aliyotumia yeye sio tafsiri yako ("alisema 'nitakusubiri hata miaka kumi'" ina nguvu kuliko "alinitisha"). Kisha lini ulimwambia aache na kwa njia gani. Kisha matukio ya baada ya hapo, ambayo ndio moyo wa barua. Mwisho unataka nini: ahamishwe meza, asipangwe na wewe shifti moja, apewe onyo la maandishi. Watu wanasahau hiki cha mwisho, wanaandika machungu yote halafu uongozi unakaa unashangaa tufanye nini sasa, na jambo rahisi kwao linakuwa kukuhamisha wewe. Wakipendekeza hivyo uliza kwa maandishi kwa nini anayehama ni aliyelalamika.

Baki na nakala kwako. Omba wakuandikie kwamba wameipokea. Kama hapo kazini HR ni shemeji yake au hakuna HR kabisa, nenda chama cha wafanyakazi, ofisi ya kazi ya serikali au msaada wa kisheria, na ikiwa ni kufuatwa au vitisho, polisi, usisubiri kikao cha nidhamu.

Na kama wewe ndiye uliyekalishwa chini

Umesoma mpaka hapa labda kwa sababu jamaa ni wewe. Sema "nimekuelewa, samahani kwa kukukosesha raha", ondoka, rudi kazini. Usiombe maelezo, usitume mtu, usiandike barua ya mwisho, hakuna barua ya mwisho iliyowahi kuwa ya mwisho. Usimnunie pia, kumkatia salamu na kumchelewesha kazi zake ni kumuadhibu kwa kukukataa, na hilo nalo linaripotiwa.

Ile hali uliyonayo ya kumuwaza kutwa, kusoma meseji moja mara hamsini, mwanasaikolojia Dorothy Tennov aliichambua na kuipa jina la "limerence" kwenye kitabu chake cha mwaka 1979, na alichoonesha ni kwamba inalishwa na matumaini yaliyochanganyika na wasiwasi: labda ananipenda, labda hapana. Wewe umeshaambiwa hapana, chakula chake kimekatwa, sasa usikitafute mwenyewe. Nyamazisha stetasi zake, toka kwenye njia ulizokuwa unapita ili umuone, omba mradi mwingine kama inawezekana. Ukiona huwezi kulala wala kufanya kazi, muone mshauri nasaha, tena mapema.

Swali dogo ambalo huwa linaulizwa mwishoni: zawadi alizowahi kukupa kabla, zile ulizopokea bila kuwaza, urudishe? Zenye thamani kubwa, simu, cheni, hela aliyokulipia kitu, rudisha, kupitia mtu, na uandike orodha. Kalamu na kadi ya siku ya kuzaliwa achana navyo, kuvirudisha ni kuanzisha mazungumzo mengine.